Mtaalamu Akija na Mashine, Mama Aulize Nini?

Siku hizi ni vijiji vichache ambavyo havijapokea wageni wa mradi. Huja na gari, huitisha mkutano, kisha hueleza habari za kompyuta, vishikwambi au umeme wa jua kwa ajili ya shule na vikundi vya akina mama. Wazee hushukuru, watoto hufurahi, na mwishoni kijiji huombwa kutoa mchango wake. Hapo ndipo jambo linapomgusa mama, maana mara nyingi mchango huo hutoka katika debe la mahindi au la maharage aliyoyalima kwa mikono yake.

Kwa mama wa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo iliyoundwa mwaka 2012, habari hii si ya mbali. Kila mzazi anatamani mtoto wake asome, na kila kikundi kinataka hesabu zake zikae sawasawa. Kumpokea mgeni ni jambo jema. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kama amekaa kimya. Ni lazima aulize, tena aulize kabla ya kutoa mchango.

Ujuzi ulikuwapo

Mama wa Ufipa anayajua matuta ya ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hukusanywa na kufukiwa kwa udongo, zikaozea humo. Msimu unaofuata tuta hutawanywa shambani, na nafaka ikapandwa katika udongo uliokwisha kupata mbolea. Huu ni ujuzi kamili, na hakuna mtaalamu aliyeuleta kwa gari.

Basi mshauri mwema huanza kwa kuuliza, "Ninyi mnafanyaje?" Yule anayeanza kwa kufungua maboksi, kabla hajajua watu wanaishije na wanajua nini, atafanya kazi yake juu juu tu.

Redio ya mwaka 1973

Nchi yetu iliwahi kutumia chombo cha kisasa kwa hekima. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kusikiliza redio. Bibi zetu wengi waliishuhudia.

Redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kijitabu cha Kiswahili chepesi. Kipindi kilipokwisha, watu walijadiliana, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba, au kuchemsha maji ya kunywa. Somo lilianzia redioni likamalizikia uani. Mashine yoyote ya leo inafaa ipimwe kwa kipimo hicho hicho.

Watoto wa Tanga

Mfano wa karibu zaidi ni wa mkoani Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shirika la XPRIZE la Marekani, likishirikiana na serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, liligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170. Ndani yake zilikuwamo programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Umeme ulitoka kwenye jua, na akina mama wa vijijini ndio waliotunza mahali pa kuchajia.

Mwanzoni, zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 watengenezaji wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu ziliachwa wazi ili wengine wazitumie bila malipo.

Tuyatazame matokeo hayo pande zote mbili. Watoto wengi walifunguliwa macho, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini wapo wengi pia waliobaki bila kujua kusoma. Kishikwambi ni msaidizi. Hakichukui nafasi ya mwalimu, wala ya mama anayemwambia mtoto, "Hebu nisomee ulichojifunza leo."

Akina mama mafundi

Kuna wanaodhani kwamba mama asiyesoma sana hawezi kushika mitambo. Chuo cha Barefoot, kilichoanzishwa India mwaka 1972, kimeonyesha vinginevyo. Huchukua akina mama wa vijijini, wengi wao bibi wenye wajukuu, na kuwafundisha kwa miezi michache kufunga na kutengeneza taa za umeme wa jua. Hujifunza kwa rangi, kwa ishara na kwa kurudia kwa mikono. Akina mama kutoka Lindi na Mtwara walikwenda huko, na baadaye, mwaka 2015, chuo cha namna hiyo kilifunguliwa Kinyasini, Unguja.

Kwa nini bibi? Kwa sababu kijana akishapata ujuzi huenda akahamia mjini kutafuta kazi, bali bibi hurudi nyumbani. Kila nyumba yenye taa hutoa kiasi kidogo kila mwezi, kama ilivyokuwa ikinunua mafuta ya taa, na fedha hizo hulipia matengenezo na ujira wa fundi.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

1. Ni nani hapa kijijini atakayefundishwa kutengeneza kifaa hiki? Wangapi kati yao ni akina mama?

2. Kinafundisha kwa lugha gani? Mtoto anayezungumza Kifipa nyumbani na ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili ataanzia wapi?

3. Betri ikifa, mpya itanunuliwa wapi, kwa bei gani, na kwa fedha za nani?

4. Mradi ukifungwa, vifaa vitakuwa mali ya nani? Je, imeandikwa?

5. Watoto wetu wataona nini katika kioo hicho, na picha zao zitakazopigwa zitapelekwa wapi?

Mgeni mwenye nia njema hatakasirika kuulizwa hayo. Akiwa na majibu, mpeni ushirikiano wote. Akisema, "Hayo tutayaona baadaye," mwombeni kwa upole arudi akiwa na majibu, na mchango usubiri.

Bwana Yesu, katika Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba sharti kwanza aketi ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Kuhesabu hivyo si kukosa imani. Mama anayepima unga kabla ya kuwasha moto anawapenda wanaosubiri kula, na mama anayeuliza mkutanoni anawapenda wanaosubiri kusoma. Basi mkutano ujao usikae nyuma kimya. Wakubalianeni mapema wawili au watatu katika kikundi chenu, gawaneni maswali haya, na kila mmoja asimame na lake.