Prolog: kila kazi na dirisha yake

Wengi wetu tunajua Prolog kama sehemu ya kuandika swali na kungoja jibu tu. Lakini SWI-Prolog iko na XPCE, maktaba ya kutengeneza madirisha, iliyotoka Chuo Kikuu cha Amsterdam. Humo kila dirisha iko na kazi yake: «dialog» ni ya vifungo na visanduku vya kujaza, «browser» ni ya orodha ya kuchagua, «view» ni ya kuandika na kusahihisha maandishi, «picture» ni ya michoro.

Mtego njo huu. Prolog ikikosa jibu, inarudi nyuma na kujaribu njia ingine. Thamani ilizoshika inaziachilia, lakini dirisha yenye ilishafunguka haijifungi. Ukifungua dirisha katikati ya kutafuta, njia tano zikishindwa unaweza kubaki na madirisha tano mbele ya juri!

Mimi nashauri hivi: Prolog imalize kutafuta kwanza, kisha dirisha moja ionyeshe jibu. Na sheria ziweke katika faili yake, madirisha katika yake. Siku utabadilisha sura, akili ya programu haitaguswa.