Aliyeungua Atiwe Maji, Si Samli

Katika nyumba nyingi za Kenya, za shamba na za mjini, chakula hupikwa karibu na ardhi, juu ya mafiga matatu au jiko la makaa. Ndiyo sababu wengi waunguao ni watoto wadogo waanzao kutembea, na mara nyingi kiwaunguzacho si moto wenyewe bali ni chai, uji au maji yachemkayo.

Mtoto akilia, majirani huja mbio, kila mmoja na dawa yake: huyu samli, yule unga, mwingine yai bichi au dawa ya meno. Nia yao ni njema, lakini vitu hivyo vyote havifai. Ngozi iliyoungua hushika joto hata ikisha kuondolewa motoni, na joto hilo huzidi kupenya ndani. Mafuta hulizuia lisitoke. Unga na yai huweza kutia vijidudu katika jeraha, tena hospitalini sharti viondolewe kwanza ndipo jeraha lionekane, kazi imwumizayo sana mgonjwa.

Dawa ya kwanza ni maji ya baridi, ya bomba au ya mtungi, yamwagwe polepole mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Muda huo ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani, wala haifai kuukatiza kwa kuwa mgonjwa ameona nafuu. Hata aliyecheleweshwa atiwe maji, maadamu saa 3 hazijapita. Penye shida ya maji, kiungo kitumbukizwe katika beseni la maji safi, yabadilishwe yapatapo joto. Barafu isitumiwe, kwa maana nayo huharibu ngozi. Mtoto mchanga afunikwe blanketi sehemu zisizoungua, asije akashikwa na baridi.

Wakati huo huo pete, bangili na shanga zivuliwe upesi kabla kiungo hakijavimba. Nguo iliyolowa uji ivuliwe pia, ila iliyogandamana na ngozi isivutwe. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, bila kukaza. Malengelenge yasitumbuliwe, ngozi ile ya juu ndiyo kifuniko bora kuliko bandeji yo yote.

Yako majeraha yasiyotibiwa nyumbani: lililo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, la usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au penye maungio, la umeme au asidi, na la mtoto mchanga. Ngozi ikigeuka nyeupe au nyeusi kama mkaa, naye mgonjwa hasikii maumivu, watu wasifurahi: jeraha limeingia ndani sana. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo jeraha dogo likitoa usaha siku za baadaye, au mgonjwa akishikwa na homa. Huko ataulizwa pia habari za sindano ya pepopunda, basi yafaa kadi yake ya chanjo ichukuliwe.