Faili Lililotajwa Silo Lenye Kosa

Watu wengi wenye kompyuta ya zamani nyumbani, ile ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi ya watu, wanaijua tabia yake inapoanza kuharibika: kwanza huganda katikati ya kazi, kisha hujizima na kujiwasha yenyewe, na hatimaye huleta skrini ya bluu yenye maandishi meupe, ambamo mna nambari ndefu iliyochanganywa herufi na tarakimu na, mara nyingi, jina la faili, likiwa ntfs.sys au ntoskrnl.exe au jingine la namna hiyo. Mwenye kompyuta hulinakili jina hilo kwa hofu, akalitafuta katika intaneti, akaona wasiomjua wala kuijua kompyuta yake wakimhimiza alipakue faili hilo upya na kulitia mahali pa lile la kale. Na hapo ndipo maradhi yanapozidi, kwa sababu faili lililotajwa, aghalabu, halina hatia yoyote. Mtu aliyekutwa amesimama kando ya maiti huenda akawa ndiye muuaji, lakini huenda pia akawa mpita njia aliyesikia kelele akaja, na kadhi mwenye insafu hamtii hatiani kwa sababu tu ya kuonekana pale.

Hilo ntoskrnl.exe, kwa mfano, ndilo moyo wenyewe wa Windows, na karibu kila amri itokayo katika programu kwenda kwenye vyombo hupitia humo, kwa hiyo si ajabu jina lake kuonekana karibu katika kila ajali. Na ntfs.sys ndilo lisomalo na kuandika mafaili katika diski kwa utaratibu ulioanza na Windows NT mwaka 1993. Diski ikichoka, au kumbukumbu ya kompyuta ikitoa jibu la uongo, faili hilo ndilo la kwanza kuona ajabu na kusimamisha kazi. Jina la faili hutuambia ajali imetukia wapi, wala halituambii nani aliyeisababisha.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Katika miaka ya tisini kila programu iliyotiwa katika kompyuta ilikuja na nakala zake za mafaili ya shirika, yale yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, na aghalabu ilifuta nakala mpya ikaweka nzee, hata programu ya uchapaji iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana ikakataa kufunguka leo kwa sababu ya mchezo wa watoto uliotiwa jioni. Windows 98 ikaja na kikaguzi cha mafaili ya mfumo. Windows 2000 ikaongeza mlinzi wa kurudisha nakala sahihi kila ilipoondolewa. Na tangu Windows Vista mafaili hayo yamewekwa chini ya ulinzi ambao hata msimamizi wa kompyuta hawezi kuyaandika juu yake bila ya kujitwalia kwanza umiliki wake. Kwa hiyo leo hii, mafaili ya mfumo yanapoharibika katika kompyuta isiyokuwa na virusi, wala haikutiwa Windows ya bure iliyovunjwa kufuli na watu wasiojulikana (maana uvunjaji huo wenyewe hugusa mafaili ya mfumo, na anayeukubali hana haki ya kustaajabu baadaye), busara ni kutazama ndani ya sanduku: kumbukumbu, diski, na umeme.

Naanza na kumbukumbu, ile mafundi waiitayo ramu, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft, Edmund Nightingale, John Douceur na Vince Orgovan, walitoa uchunguzi uliofanywa juu ya kompyuta zipatazo milioni moja za watu wa kawaida, wala si zile za makampuni makubwa zinazokaa katika vyumba vya baridi. Na waliyoyaona yangelipaswa kubandikwa katika kila duka la fundi. Kompyuta iliyokwama mara moja kwa sababu ya chombo kibovu ilikuwa na uwezekano wa kukwama tena uliofika hata mara mia ya ule wa mwanzo. Na makosa ya kumbukumbu yalielekea kurudi mahali pale pale. Maana yake ni kwamba hitilafu hizi hazipiti zikaenda zake kama upepo wa asubuhi walivyozoea watu kudhani, wala kuzima na kuwasha hakuziponyi.

Na namna kumbukumbu mbovu inavyoharibu faili zima ni jambo linalostahili kufahamika vyema. Faili linaponakiliwa, au Windows inapojisasisha usiku, kila herufi hupita kwanza katika kumbukumbu kabla ya kuandikwa katika diski. Chembe moja ndani ya kumbukumbu ikigeuza sifuri kuwa moja, diski huandika kosa hilo kwa uaminifu kamili, na tangu siku hiyo kosa linakaa pale, limehifadhiwa, likingoja kusomwa. Kompyuta kubwa za mabenki zina kumbukumbu zenye uwezo wa kugundua na kusahihisha kosa la namna hii, lakini zetu za nyumbani, takriban zote, hazina.

Nililishuhudia jambo hili kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiandika katika kompyuta yake ya Windows 7 nasaba ya ukoo wao tangu wazee walipohamia Pangani. Fundi aliyeitwa alisoma jina la faili katika skrini akasema, "Mwalimu, mfumo umekufa, dawa yake ni kupiga Windows upya." Mwalimu akauliza, "Na maandiko yangu, mwanangu?" akajibiwa kwamba yatabaki, na fundi, kwa nia njema nadhani, akanakili yaliyokuwa mbele ya macho, akafuta yaliyobaki, na katika yaliyobaki ndimo mlimokuwa na majina ya bibi na mashangazi ambayo mzee wa mwisho aliyeyajua alikuwa amekwisha kufariki. Kompyuta ikatengenea siku chache, kisha ikarudia yale yale kwa jina la faili jingine, Windows ikapigwa tena, ikarudia tena. Mwisho akaja binti mmoja mwanafunzi wa ufundi, akafungua sanduku, akachomoa kipande kimoja kati ya viwili vya kumbukumbu, akaipima kompyuta usiku kucha kwa programu ya MemTest86 iliyokuwa katika fleshi yake, kisha akabadilisha vipande. Na kimojawapo kikatoa mistari myekundu tangu dakika za mwanzo. Kile kizima kikarudishwa peke yake, na kompyuta ikatulia. Nasaba haikurudi.

Alilofanya binti huyo kila mtu aweza kulifanya. Windows tangu Vista ina kipimo chake chenyewe cha kumbukumbu, kinachoitwa kwa kuandika neno mdsched katika sehemu ya kutafutia, na MemTest86 hupatikana bila malipo. Kabla ya kukihukumu kipande kuwa kibovu, kichomolewe, umeme ukiwa umeondolewa kabisa, miguu yake ya dhahabu isafishwe taratibu kwa spiriti, kirudishwe kwa kukazwa. Maana katika miji yetu ya pwani hewa ya chumvi na unyevu hula viungo vya namna hiyo, na mara nyingine ubovu wote ni kutu nyembamba isiyoonekana.

Tena iko alama moja ambayo mafundi wazoefu huitegemea nami naiamini. Skrini ya bluu ikija kila mara na nambari ile ile na faili lile lile, hasa faili la draiva ya kadi ya picha au ya intaneti, basi faili hilo linastahili kushukiwa, na kurudisha draiva ya kabla yake huenda kukatosha. Lakini nambari zikibadilikabadilika, leo 0x0000001A, kesho 0x00000050, keshokutwa 0x0000000A, kila moja na jina lake, hapo aghalabu si programu. Ni kumbukumbu, au umeme, au joto. Nambari 0x0000007A na 0x00000024 huelekeza kwenye diski, na 0x00000124 ni chombo chenyewe kikijishitaki. Na kama skrini inapita upesi hata haisomeki, bonyeza F8 kompyuta inapowaka, katika Windows 7, uchague kuzuia isijiwashe upya yenyewe baada ya ajali.

Sasa diski. Kabla ya amri yoyote ya matengenezo, na nasema kabla ya yoyote, nyaraka na picha zinakiliwe nje, katika fleshi au diski nyingine. Kampuni ya Google mwaka 2007 ilitoa uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, na ukaonyesha kwamba diski iliyopatikana na kosa la kwanza la usomaji ilikuwa na uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 mara 39 zaidi ya ile isiyokuwa nalo. Na la kuogofya zaidi, kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja katika dalili nne kubwa ambazo diski hujipimia zenyewe. Asiyeona dalili, basi, asijidhani yu salama. Nami nalaumu waziwazi desturi ya kukimbilia amri ya kukagua diski, chkdsk yenye herufi r, kwa diski inayokwaruza au inayosoma polepole mno, kwa kuwa amri hiyo huilazimisha kusoma kila pembe yake, kwa saa nyingi, wakati ambapo nguvu chache zilizobaki zingelitumika kuokoa picha za harusi. Diski ya namna hiyo itolewe, iunganishwe na kompyuta nyingine, yatolewe yaliyo ya thamani kwanza, matengenezo yangoje.

Kuhusu umeme sitarefusha. Unapokatika ghafla, utaratibu wa NTFS huweza kuinusuru orodha ya mafaili, lakini hauahidi kuyanusuru yaliyomo ndani ya faili lililokuwa likiandikwa saa ile, na kwa hiyo nyumba ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara inahitaji betri ya akiba kabla ya kuhitaji fundi. Kompyuta zilizotengenezwa mwanzoni mwa karne hii zilipatwa pia na balaa la kapasita mbovu, yale mapipa madogo ya bodi kuu. Zikivimba juu au zikitoa maji ya kahawia, hakuna programu itakayofaa. Na ili kuzuia joto, vumbi lipulizwe kutoka katika feni. Betri ndogo ya duara iitwayo CR2032, ya volti 3, ikiisha, saa ya kompyuta hurudi miaka nyuma, na tovuti nyingi pamoja na usasishaji wa Windows hukataa kuiamini kompyuta yenye tarehe ya uongo. Watu wengi wamelipishwa fedha ya mfumo mpya kwa ajili ya betri hiyo. Na ikiwa sanduku lina swichi ndogo nyuma yenye kuandikwa 115 na 230, itazamwe kabla ya kuchomeka waya, kwa maana kompyuta iliyoletwa kutoka Marekani ikiwa imewekwa 115 huungua pawasaplai yake mara tu inapoonja umeme wetu.

Yote haya yakiwa yamepimwa na kuthibitika kuwa mazima, hapo ndipo zamu ya mafaili ya mfumo inapofika, na kazi yake si ngumu. Dirisha la amri lifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi, iandikwe sfc /scannow, nayo kompyuta italinganisha kila faili la mfumo na alama yake sahihi na kurudisha nakala nzima kutoka katika ghala yake iliyomo humo humo ndani ya Windows. Ikisema kwamba imeona uharibifu lakini imeshindwa kutengeneza baadhi yake, maana yake aghalabu ni kwamba ghala yenyewe imeingiwa na uharibifu, na katika Windows 8 na zilizofuata hutengenezwa kwa amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, inayoleta nakala safi kwa njia ya intaneti, kisha sfc irudiwe. Atakaye kujua ni faili gani limeshindikana atalikuta katika CBS.log, ndani ya kabrasha la Logs la Windows. Tofauti ya njia hii na ile ya kupakua faili moja moja kwa watu wasiojulikana ni kubwa mno: faili la namna hiyo huenda likawa la toleo jingine, huenda likawa na virusi, wala haliponyi kilichouharibu mfumo.

Kupiga Windows upya, basi, nakuweka mwisho kabisa, ingawa najua mafundi wengi wanakuweka mwanzo kwa kuwa ni kazi ya saa mbili isiyohitaji kufikiri, na mteja huiona kompyuta yake ikiwaka upesi kama mpya. Tena kwa kompyuta hizi ni lazima kuuliza ni Windows gani ipigwe: Windows 7 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Januari 2020, Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Iliyokwisha kupimwa ikaonekana nzima, ikatiwa diski mpya ya SSD na kumbukumbu ya kutosha, hupokea Linux Mint au Debian bila ya taabu, nayo itaandika barua, itahifadhi nasaba na kufungua intaneti kwa miaka mingine; na kama mwenyewe hataki kuiacha Windows 7 aliyoizoea, aichomoe katika intaneti, aandikie humo, na mambo ya benki ayafanye kwingine.