Mpwa Wangu Ataka Kusomea Nyuki

Dada yangu alinijia magharibi moja, machozi yamemlenga. "Kaka, nimemsomesha mwana hata akamaliza kidato cha nne, sasa asema ataka kufuga nyuki! Zungumza naye." Nikaitikia, nikidhani ni kazi ya usiku mmoja.

Kumbe kijana alikuwa keshauliza kotekote. Lenana, Nairobi, iko taasisi ya taifa ya ufugaji nyuki. Molo, Chuo cha Kilimo cha Baraka hufundisha kazi hiyo. Na kwa jirani zetu Tanzania, mji wa Tabora una chuo kizima cha nyuki, mtu akatoka na cheti au stashahada.

"Kuna nini cha kusomea?" nikamwuliza. "Si moshi na panga tu?"

Akacheka kwa adabu. "Mjomba, yai la malkia na la mtenda kazi ni moja. Mbona malkia hukamilika kwa siku 16, na mtenda kazi 21?"

Nikanyamaza. Akanieleza kuwa ni chakula: malkia hulishwa maziwa ya nyuki tangu mwanzo hata mwisho, wenziwe hulishwa siku chache tu.

Wasomaji, Surat An-Nahl niliihifadhi kwa mkwaju wa mwalimu. Aya ya 68 na ya 69 zamsemeza nyuki kwa tamko la kike. Nahau yake niliijua; sikujua kwamba wachumaji wote ni majike, na madume hayana hata mwiba.

Jumamosi nikampeleka Mida, kwa mzee mrina asali. Mchu ulikuwa umechanua, mikoko yote yavuma. Mzee ana mizinga ya magogo, na kovu la moto mkononi. Alitwambia waziwazi kwamba kila arinapo kwa mwenge hupoteza watoto wa nyuki na nusu ya kundi. Kijana akamchorea mchangani mzinga wa sanduku uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970: juu mpana, chini mwembamba, na fito ambazo kila moja hubeba sega lake. Wainua fito moja, wakata asali, yenye watoto wairudisha. Mzee akauchungulia mchoro kitambo. "Nenda kasome," akasema, "lakini likizo uje kwangu. Huko bara hakuna mchu."

Dada hajakubali. Chupa ya asali niliyomletea ameiweka kabatini, hataki kuionja. Ila juzi, akinimiminia kahawa, uso ameugeuza upande, aliniuliza nauli ya Tabora ni kiasi gani.