Kipaji Chako, Farasi wa Tajiri!

Kama unamjua dereva wa daladala, mpanda farasi wa mashindano hatakupa taabu kumwelewa. Dereva ana leseni, ana ujuzi, abiria wanamsifia mwendo wake, lakini gari ni la tajiri. Siku tajiri akilipiga bei, dereva anashuka na taulo lake begani. Kibarua kimeota nyasi! Huko Ulaya kwenye mchezo wa farasi mambo ni hayo hayo, ila gari lenyewe linakula, linaumwa na linavaa viatu.

Ndiyo, viatu! Farasi hubadilishwa vyuma vya kwato kila baada ya wiki sita hivi. Ongeza nyasi kavu, nafaka, daktari wa mifugo, kodi ya banda, lori la kumsafirisha na ada ya kila shindano. Hata mwezi ambao hujashinda kitu, unalipa. Ndiyo maana kijana asiye na mapene anayetaka kupanda farasi kwa ushindani haanzi kwa kutafuta kampuni ya kumvalisha. Anamtafuta mtu mwenye farasi. Huyo ndiye mfadhili namba moja.

Sikia kisa cha Edward Gal wa Uholanzi. Yeye hucheza dresaji, ule mchezo wa kumwendesha farasi kwa madaha huku waamuzi wakitoa maksi. Mwaka 2009, akiwa na farasi mweusi aitwaye Totilas, walikuwa wa kwanza duniani kuvuka asilimia 90. Mwaka 2010, kule Kentucky, Marekani, wakazoa dhahabu 3 za ubingwa wa dunia. Hata mwezi haukupita, wenye farasi wakamuuza kwa Paul Schockemöhle wa Ujerumani, na hatamu akapewa Matthias Rath. Gal akabaki na medali zake. Hakuibiwa wala hakudhulumiwa. Farasi hakuwa wake, basi!

Sasa mwangalie Charlotte Dujardin wa Uingereza. Aliacha shule akiwa na miaka 16. Mwaka 2007 akaanza kazi kwenye banda la bingwa Carl Hester, na huko akakabidhiwa Valegro, farasi ambaye Hester alimnunua kwa yuro 4,000 tu akiwa bado mdogo. Mwaka 2012 mjini London, bibie akaondoka na dhahabu 2 za Olimpiki. Sherehe hazijapoa, zikaja habari kwamba Valegro atauzwa. Mbona presha ilipanda! Lakini safari hii Hester na mwenzake Roly Luard waliamua kumbakiza, Anne Barrott akaingia ubia nao, na mwaka 2016 mjini Rio dhahabu ikaja tena.

Umeona? Wapanda farasi wawili, vipaji viwili, na kilichowatenganisha ni uamuzi wa mwenye mali.

Makampuni nayo yapo. Rolex iliingia kwenye mchezo huu mwaka 1957, ikianza na mwanadada Pat Smythe wa Uingereza. Kampuni nyingine hutoa vitu badala ya noti: tandiko, kofia, buti au chakula cha farasi. Na zikitoa, zinataka kuonekana. Farasi mweupe Milton, aliyepandwa na John Whitaker kwenye kuruka viunzi, aliwahi kuitwa Next Milton, kisha Henderson Milton, kwa kumfuata anayelipa. Hebu fikiria beki wa Simba akipewa jina la sabuni! Lakini hata huyo Milton alikuwa na wenyewe, wazazi wa mpanda farasi Caroline Bradley aliyefariki mwaka 1983. Hawakumuuza, na akawa farasi wa kwanza nje ya mbio kushinda zaidi ya pauni milioni moja.

Jina likichafuka, wafadhili hawakusubiri. Mwaka 2024, kabla ya Olimpiki ya Paris, ilitoka video ya Dujardin akimcharaza farasi miguuni wakati wa mazoezi. Alijitoa, fedha za UK Sport zikasimamishwa, shirika la Brooke linalotetea farasi na punda likamwondoa kwenye ubalozi wake, na baadaye akafungiwa mwaka mzima.

Kwa hiyo, mwenzangu unayetaka kushikwa mkono, barua ya kulialia shida haitoshi. Ingia bandani, fagia, jifunze, watu wakuone unavyomtunza mnyama. Ukipata mwenye farasi, kaeni chini muandikiane. Nani analipa daktari? Zawadi mnagawanaje? Akija mnunuzi, utaambiwa siku ngapi kabla? Na wakiwa wenye mali wawili au watatu waliochanga, gharama hazimlemei mmoja peke yake, kwa hiyo tamaa ya kuuza nayo inapungua.

Haya si ya Wazungu na farasi wao peke yao. Wewe mpiga solo unayetamba ukumbini na gitaa la mwenye bendi, na wewe mwenye cherehani ya kuazima, maswali hayo matatu yanakuhusu. Muulize tajiri wako leo, wakati bado mnacheka pamoja.