Mate Yakimiminika Ghafla

Leo tuzungumze juu ya mate ya mtoto na dawa za shambani.

Kila mmoja wetu ana tezi kubwa za mate jozi 3: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Tezi hizi hungoja amri ya ubongo. Ukinusa vitunguu vikikaangwa, ubongo hupeleka habari kupitia mishipa ya fahamu. Mwisho wa mshipa hutoka kemikali iitwayo asetilikolini. Juu ya seli za tezi kuna vipokezi. Fikiria kufuli na ufunguo: kemikali ni ufunguo, kipokezi ni kufuli. Vikikutana, mate hutoka. Kazi ikiisha, kimeng'enya maalum huivunja kemikali hiyo, na mate hupungua.

Seli nazo hujirekebisha. Mshipa ukikatwa na amri zikakosekana, seli huwa nyepesi zaidi kuitikia hata kemikali kidogo. Amri zikizidi siku baada ya siku, seli hupunguza vipokezi. Lakini marekebisho makubwa ya namna hii huchukua siku kadhaa. Hayawezi kumwokoa mtoto aliyekunywa sumu sasa hivi.

Baadhi ya dawa za kuua wadudu na kupe hukizuia kile kimeng'enya kufanya kazi. Ufunguo hubaki kwenye kufuli. Mate humiminika, machozi na jasho hutoka, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano. Mtoto hutapika, huharisha, hujikojolea, misuli humchezacheza, na kifua hujaa majimaji hata ashindwe kupumua. Hii ndiyo inayoua.

Je, kila udenda ni sumu? La. Mtoto wa miezi 4 anayetoa udenda huku akicheza na kunyonya vizuri, usimhofie. Mwenye kutokwa mate ghafla, akilegea na kupumua kwa shida, huyo usingoje.

Fanya hivi:
1. Mtoe penye dawa. Funika mikono yako kwa glavu au mifuko ya plastiki.
2. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe kwa sabuni na maji mengi.
3. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta.
4. Akilegea, mlaze kwa ubavu.
5. Mkimbize hospitali pamoja na chupa ya dawa hiyo.

Hospitalini kuna dawa iitwayo atropini. Hiyo huziba kufuli ili ufunguo usiingie, na kifua hukauka. Hutolewa na mhudumu wa afya tu, kwa kipimo.

Na wewe baba unayenyunyizia kahawa au mboga ukisema, "Mimi nimezoea," sikiliza. Huenda vipokezi vimepungua ndiyo maana huoni dalili, ilhali kimeng'enya chako kimekwisha kudhoofika. Dawa kidogo zaidi yaweza kukuangusha.

Mama, usihifadhi dawa ya shamba kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma. Anajua chupa ya soda ni ya kunywa. Iache katika chombo chake, uifungie juu asipofika.

Mwambie na jirani.