Gofu ya mpakani: kila mtu anatangaza mzigo wake mwenyewe

Katika gofu ya ridhaa hakuna refa anayekufuata nyuma. Mchezaji hupiga mpira, huufuata hadi kichakani, huhesabu mikwaju yake mwenyewe, na mwenzake huandika kwenye kadi kile alichoambiwa. Kwa mtu aliyezeekea forodha huo ni utaratibu wa ajabu: mwenye mzigo anasema ana magunia kumi, na afisa anaandika kumi bila kufunua turubai.

Ndio utaratibu uliowateka marafiki 12 wanaofanya biashara kupitia mpaka wa Busia. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi huacha malori, maghala na wadeni wao, wakakutana mwezi mmoja Kisumu na mwezi unaofuata Jinja. Busia iko karibu katikati, kilomita zaidi ya 100 kila upande, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe mwaka 2018 mtu anaweza kusimama mara moja tu kwa shughuli za pasipoti na kuwahi mchezo. Chama chao hakina sare wala jina. Majina manne yamependekezwa na yote yakakataliwa, kwa kuwa kila moja lilisikika kama la chama cha kukopa. Walichonacho ni daftari, kombe la bati lenye mkono mmoja, na ubishi usioisha.

Kiwango chao si cha kuonyesha kwenye televisheni. Wapo wanaoweza kupiga mikwaju 11 kwenye shimo linalotakiwa mikwaju minne, kisha wakasimulia ule mmoja mzuri hadi jioni. Ndiyo sababu wanatumia hesabu ya alama iliyobuniwa na daktari Mwingereza, Frank Stableford, ambayo kwa watu wa aina hii ni rehema. Ukiharibu shimo moja unapata sifuri na maisha yanaendelea. Mtu aliyecheza sawasawa na uwezo wake hupata alama mbili kwa kila shimo, yaani 36 kwa mashimo 18. Namba hiyo 36 ikumbukwe, maana ndiyo iliyoleta maneno.

Katibu wa kundi ni wakala wa forodha wa upande wa Kenya, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Kwa hesabu za wenzake ni hakimu. Anakumbuka mpira wa nani uliingia majini mwezi Machi, na uliingia mara ngapi. Kwa hesabu zake mwenyewe mwandiko hubadilika, na saba yake hufanana sana na moja. Aliwahi kusimamishwa mpakani na mfuko wenye fimbo 19. Afisa kijana, ambaye kwa bahati mbaya ya katibu naye alikuwa mpenzi wa gofu, alimwambia kwamba kanuni za mchezo zinaruhusu fimbo 14 tu, hivyo zile tano nyingine bila shaka ni za kuuza. Wakala aliyewajazia watu nyaraka kwa miaka ishirini alitumia nusu saa kueleza kwamba hajui kuchagua.

Kutoka Kigali huja msafirishaji mwenye malori matatu kwenye Ukanda wa Kaskazini. Huyu ana ugonjwa mmoja, saa. Rwanda iko nyuma ya Uganda na Kenya kwa saa moja, na saa yake ya mkononi haijawahi kuvuka mpaka. Mchezo ukipangwa kuanza saa mbili asubuhi, yeye hufika saa tatu, amepumzika, amekunywa chai, na anawashangaa walioanza bila kumngoja. Ameelezwa. Amekubali. Mwezi unaofuata anafika saa tatu. Wenzake wana shaka kwamba anaijua saa vizuri sana, na kwamba asichokipenda ni umande kwenye viatu.

Mwuza vipuri vya pikipiki wa Tororo ndiye mdogo kuliko wote, na ndiye mwanasheria wao. Kisumu na Jinja ni viwanja vinavyopakana na Ziwa Viktoria, na vyote viwili vina kanuni zilizosifika duniani kwa sababu ya wageni wanaotoka majini usiku. Kisumu, mpira ukitua karibu na kiboko au mamba, mchezaji anaruhusiwa kuangusha mwingine mahali salama bila adhabu, mradi asisogee karibu zaidi na shimo. Jinja, mpira ukizama kwenye unyayo wa kiboko, huokotwa na kuwekwa kando, pia bila adhabu. Kijana huyu ameisoma kanuni ya Jinja mpaka imechakaa. Kwake yeye kila shimo dogo ardhini ni unyayo wa kiboko. Aliwahi kudai haki yake mahali ambapo mnyama pekee aliyeonekana mwaka mzima ni mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa bado amesimama hapo.

Mchezaji bora, na hili wanaume wa kundi hulisema haraka kisha wakabadilisha mazungumzo, ni mama anayeuza mitumba Kampala. Fimbo zake za kwanza zilikuja kwenye mzigo wa bidhaa za mtumba na zilikosa mnunuzi. Hapigi mbali. Hupiga mita mia moja na ishirini, katikati ya nyasi fupi, halafu tena mita mia moja na ishirini, katikati ya nyasi fupi. Wenzake wanaomzidi kwa nguvu humpita kwa mbali, kisha anawakuta kichakani wakiinama. Hapo hutoa simu na kuanza kuhesabu. Tangu mwaka 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu, si tano kama zamani, naye dakika zake tatu hazina sekunde ya nyongeza. Wanamwita Mama Dakika Tatu asipokuwepo. Akiwepo ni mama tu, tena kwa heshima.

Wapo wengine wa kupitia kwa haraka: mfamasia anayempigia mkewe simu baada ya kila shimo, ndugu wawili wa Malaba wasiosemeshana tangu mmoja akanyage mpira wa mwenzake, na mwalimu mstaafu anayeweka dau la elfu moja bila kusema ni elfu ya nchi gani. Akishinda ni ya Kenya. Akishindwa ni ya Uganda, na tofauti kati ya hizo mbili inatosha mlo wa mchana wa meza nzima.

Anayejua ukweli wa wote hawa ni kedi. Vijana wanaobeba mifuko ya gofu Kisumu na Jinja wameona mipira ikisogezwa kwa ncha ya kiatu na mingine ikizaliwa kutoka mifukoni. Kedi mzuri ana macho makali ya kuona mpira na masikio mazito ya kusikia hesabu. Anaishi kwa malipo ya siku na bahasha ya mwisho, na hakuna aliyewahi kumwongezea bahasha kedi kwa kusema kweli.

Hapo ndipo linapoingia suala la mzee wa Bungoma.

Mzee huyu ana kinu cha chakula cha kuku. Ni mcheshi, mkarimu, wa kwanza kuagiza soda za meza nzima, na mgongo unamuuma. Unamuuma zaidi kwenye michezo isiyo na zawadi. Miezi ya kawaida hutembea akiegemea fimbo, akapata alama 25, akamshukuru Mungu kwa uzima. Mwezi wa kombe au wa mbuzi wa Krismasi mgongo hupona alfajiri, naye hurudi na alama 42 au 43, akishangaa kuliko mtu yeyote.

Siri iko kwenye handikapu, yaani mikwaju anayosamehewa mchezaji dhaifu ili ashindane na hodari. Katika mfumo unaotumika duniani tangu mwaka 2020, handikapu hupatikana kwa wastani wa matokeo manane bora kati ya 20 ya mwisho, na haiwezi kuzidi 54. Kundi hili hufuata hesabu hiyohiyo kwenye daftari lao. Ni mfumo mzuri, ila unakula kile unacholishwa. Anayecheza vibaya kwa makusudi miezi mingi hujijengea akiba ya mikwaju ya kutumia siku yenye faida. Mzee alikuwa anasamehewa 24.

Wasomaji wa mpakani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa bidhaa za ukanda usiozidi dola 2,000 za Marekani hupita kwa cheti rahisi cha uasili, kwa kumfikiria mfanyabiashara mdogo. Nani asiyemjua mfanyabiashara mkubwa anayekuwa mdogo mara tatu kwa siku moja, kwa mzigo mmoja, na vijana watatu tofauti?

Kwa muda mrefu watu walicheka tu. Aliyeacha kucheka ni mwuza dagaa wa Mwanza.

Huyu ni mpole kupita kiasi. Humwamkia kila mtu mmojammoja, huuliza habari za nyumbani, za kazi na za safari, na akipiga mpira vibaya huuambia samahani. Biashara yake ina majina matatu: kwake ni dagaa, Kisumu ni omena, Jinja ni mukene, na samaki ni yuleyule. Sehemu kubwa ya dagaa wake huishia kwenye chakula cha kuku, na mteja wake mkubwa ni mzee wa Bungoma. Huchukua gunia kwa mamia na hulipa baada ya wiki mbili. Hakuna mkataba. Makubaliano yalifanyika kwenye nyasi za Kisumu, kwa kupeana mikono, na uzito hupimwa kwa mzani wa mzee mwenyewe.

Inaeleweka basi kwa nini, siku ya kombe huko Jinja, mzee aliporudi na alama 43, mtu wa Mwanza hakupiga makofi. Wengine walikuwa wakihesabu alama. Yeye alikuwa akiukumbuka mzani.

Jioni hiyo mama wa mitumba aliomba daftari. Alisoma kwa sauti, bila kuongeza neno: michezo minane ya mwisho yenye zawadi, mzee ameshinda mitano; michezo isiyo na zawadi, hajawahi kufika alama 30. Akalifunga. Msafirishaji wa Kigali aliomba suala liahirishwe kwa kuwa bado ni mapema. Kijana wa Tororo aliuliza kama kanuni inatambua maumivu ya mgongo. Mwalimu aliweka dau. Mwishowe waliokaa kama kamati, yaani waliokuwa hawajasimama kwenda kunawa mikono, walikata handikapu ya mzee kutoka 24 hadi 15.

Mzee alikasirika kweli, si kwa utani. Alisema amewanunulia soda watu wasio na shukrani, akachukua mfuko wake na kuondoka, akiwa ameliacha kombe mezani. Kedi wake alimfuata mbio, kwa sababu hakuwa amelipwa.

Lori la dagaa lilikuwa lipakiwe Jumatatu. Mtu wa Mwanza hakupiga simu ya lawama, maana hiyo si tabia yake. Alituma salamu ndefu, akaulizia afya ya mgongo, na mwishoni kabisa akaomba kwamba safari hii nusu ya malipo itangulie na magunia yapimwe kabla ya kuvuka ziwa. Mzee alikaa siku mbili kimya. Siku ya tatu alituma nusu kwa simu, na hakuuliza sababu. Wanaomfahamu wanasema huko kutouliza ndiko kulikomgharimu zaidi.

Mwezi uliofuata, Kisumu, wengi waliweka dau kwamba hatakuja. Alikuja wa kwanza. Kwenye shimo la sita, akiwa peke yake kwenye nyasi ndefu, mpira ulisogea alipougusa kwa bahati mbaya. Hakuna aliyeona. Mzee alinyoosha mkono juu na kutangaza mkwaju mmoja wa adhabu kwa sauti iliyowafikia watu wa shimo la pili, wengine hata si wa kundi lao. Alirudia kwenye shimo la tisa. Kufikia la kumi na mbili katibu alimwomba apunguze sauti, kwa kuwa alikuwa akiwavuruga wanaopiga.

Alimaliza na alama 29. Kombe lilichukuliwa na mama wa mitumba, aliyelitia ndani ya mfuko pamoja na simu yake. Mtu wa Mwanza alicheza vibaya mno, akauomba mpira radhi mara nyingi, kisha akaketi na mzee wakanywa chai bila kuzungumzia dagaa hata kidogo. Nusu ya pili ya malipo inatakiwa Ijumaa ijayo.